Barua ya Kipupwe: Shule za Mpanda na Mzazi Anayeitwa Akihitajika

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, mambo ya chumba cha habari mnayajua wenyewe, mhariri akikushika hakuachii. Leo nimepata upenyo, basi tuongee kuhusu kitu kinachoonekana kidogo sana: ile karatasi ambayo mtoto anarudi nayo nyumbani shule inapofungwa mwezi Juni.

Nina dada wa ukoo anaishi Minnesota, Marekani. Ananiambia kule baridi ikishika, ofisi ya elimu ya wilaya inawatumia wazazi ujumbe alfajiri: theluji imezidi, shule hakuna leo, mabasi hayatoki, chakula cha watoto mtaelezwa kitapatikana wapi. Kila mzazi anaupata, awe profesa au mfagiaji. Nilicheka kwanza. Baadaye nikajiuliza, kwetu je?

Kwetu Mpanda theluji hatuna ila kipupwe tunacho. Mvua zinaanza Novemba, Aprili zimekwisha, na ikifika Juni watoto wanakwenda shule asubuhi wamejikunyata kama vifaranga, wenye masweta na wasio nayo. Ndio msimu mahindi yanaingia ghalani, tumbaku inakwenda sokoni, fedha inaonekana mikononi mwa watu, na ngoma na harusi zinapangwa. Hapo hapo shule zinafunga muhula. Habari za shule zinafika nyumbani zikiwa zimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa kaptula.

Mnaikumbuka ile karatasi? Masomo upande wa kushoto, alama katikati, "nafasi ya 41 kati ya wanafunzi 112", halafu maoni ya mwalimu wa darasa. Maoni yenyewe neno moja: "Ajitahidi." Ajitahidi nini, wapi, kwa msaada wa nani, hakuna. Kisha tarehe ya kufungua, na chini yake ndio barua yenyewe inapoanza: aje na fagio la chelewa, aje na jembe, fedha ya mlinzi, fedha ya mtihani. Mwisho mstari wa saini ya mzazi.

Nimekuwa nikiifuatilia historia ya karatasi hii katika eneo ambalo leo tunaliita Mkoa wa Katavi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: shule huku kwetu zilianza bila mzazi. Hazikumfukuza. Hakuwepo kabisa. Tangu hapo kila serikali iliyokuja ilimbadilisha mpeleka habari, lakini ujumbe wenyewe ulibaki "leteni".

Twende Karema, pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo hapo kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mfalme alipokwisha kuipata Kongo yake, Karema haikuwa na maana kwake tena, na mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Hao ndio walioanza kufundisha watoto kusoma. Watoto gani? Wengi walikuwa watoto waliokombolewa kutoka kwenye misafara ya watumwa, wametolewa kwao ng'ambo ya ziwa au bara, hawajui njia ya kurudi. Mapadri waliwalea, wakawafundisha dini, kusoma na kazi za mikono, na wakubwa wakaozeshwa na kupewa mashamba jirani na misheni.

Fikirieni hapo kidogo. Shule yenye darasa, kengele na mwalimu, lakini haina mzazi hata mmoja wa kupelekewa habari. Ripoti ya mtoto ilikwenda Ulaya kwa wafadhili, na mlezi na mwalimu walikuwa mtu yule yule.

Mtu maarufu kuliko wote wa Karema naye alikuwa mtoto wa namna hiyo. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, huko Mali ya leo, akatekwa akiwa mdogo, akakombolewa na Mapadri Weupe kule Algeria, akasomeshwa, mwisho akapelekwa Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, na akatibu watu hapo kama daktari na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Nashangaa kijana wa Kitanzania anaweza kumaliza chuo kikuu bila kulisikia jina hili. Lakini tusitoke nje ya mada.

Wakati wa Mwingereza mzazi alianza kuonekana, ila kama mtu wa kuamrishwa. Kulikuwa na shule za misheni na shule za serikali za wenyeji, na neno la shule lilishuka kupitia kwa mtemi, kisha kwa jumbe: toeni watoto. Wazazi wengi hawakuwa na haraka. Miaka ya 1920 na 1930 serikali hiyo hiyo ilikuwa imewahamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale. Mtu aliyehamishwa kwao kwa amri ya jumbe, akisikia jumbe huyo huyo anataka na mtoto, unategemea afanyeje? Anamficha. Mimi siwalaumu. Isitoshe, kwa watoto wengi waliopelekwa elimu ilikwisha darasa la nne, na mlango wa kwenda mbele ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano.

Mpanda yenyewe kama mji ni mtoto wa mgodi. Madini ya risasi yalichimbwa hapo baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya kilomita 210 hivi kutoka Kaliua, iliyofunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Wengi wanaisimulia reli hiyo kama habari ya madini tu. Kwangu mimi ni habari ya barua pia. Mtoto wa Mpanda aliyebahatika kuchaguliwa kwenda kusoma Tabora alipanda treni hiyo, na barua zake zilirudi kwa treni hiyo. Mzazi wa mtoto wa bweni, kwa kichekesho cha historia, alipata habari za mwanawe kwa maandishi ya mtoto mwenyewe, wakati jirani ambaye mwanawe alisoma shule ya hapo hapo alisubiri kuitwa.

Halafu uhuru. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo hadithi inaponoga.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akasema shule na kijiji viwe kitu kimoja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazifanya shule nyingi za misheni kuwa za serikali. Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na kuanzia mwaka huo watu wakahamishiwa vijijini, mara nyingine kwa nguvu. Novemba 1974 ikaja azimio la Musoma: kufikia 1977 kila mtoto wa rika la kwenda shule awe darasani. Hiyo ndiyo UPE. Walimu hawakutosha, ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wakifundisha. Madarasa yakajengwa na wanakijiji wenyewe kwa tofali walizofyatua.

Habari za shule sasa zikapata njia mpya: mwalimu mkuu anamwambia mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti anawaambia mabalozi wa nyumba kumi, balozi anapita mlango kwa mlango. Kama njia ya kupeleka habari, hakuna iliyowahi kuizidi kwa kufika mbali. Hakukuwa na nyumba iliyokosa habari. Tatizo ni kwamba balozi hakupita kukwambia mtoto wako ana kipaji cha hesabu. Alipita kukwambia Jumamosi ni zamu yenu kuchota maji ya kufyatulia tofali, na usipokuja jina lako litaandikwa. Ilipofika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, mahudhurio yakawa lazima kisheria na mzazi wa mtoro akawa mkosaji. Mgambo wakaongezwa kwenye orodha ya wapeleka habari.

Lakini miaka hiyo hiyo kulitokea jambo ambalo mpaka leo naliona kama muujiza wetu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Jioni, watoto wakishatoka, wazazi waliingia katika darasa lile lile, wakakaa kwenye madawati yale yale, magoti yakigonga mbao, wakajifunza kusoma na kuandika. Mara nyingine aliyewafundisha alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita au la saba, mtoto wa jirani! Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1986 serikali ilihesabu kuwa walibaki chini ya asilimia 10. Unaweza kuzibishia takwimu za serikali utakavyo (na mimi nikiwa kazini ndiyo kazi yangu), hata ukizipunguza bado ni kitu kikubwa. Kwa mara ya kwanza mzazi wa Inyonga au Usevya aliweza kuifungua barua ya shule na kuisoma bila kumwomba mtoto amsomee.

Maana hilo ndilo tatizo la zamani ambalo halisemwi. Mzazi asiyejua kusoma husomewa barua na mhusika mwenyewe. Mtoto ndiye mtuhumiwa, tarishi na mkalimani. "Mwalimu amesema nini?" "Amesema ninaendelea vizuri, ila anataka fedha ya daftari."

Kuna watu wa Katavi ambao kwao jambo hili lilikuwa na utata zaidi. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwaleta huku maelfu kwa maelfu ya Wahutu. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na Mishamo ikafuata mwaka 1978. Walipewa mashamba, wakafyeka pori, wakalima mpaka wakalisha na wengine. Shule zao zilifuata mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Nyumbani kilikuwa Kirundi. Watoto wakawa Waswahili kabla ya wazazi wao, na barua ya shule ilifika kwa lugha ambayo mtoto ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Mzazi aliyeamini kwamba kesho au keshokutwa atarudi kwao, angeisoma vipi ripoti ya somo la siasa ya Tanzania?

Iliwachukua miaka zaidi ya 35. Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zikawapa watu wa makazi ya zamani chaguo la kurudi au kuomba uraia, wengi wakachagua kubaki, na watu wapatao 162,000 wakakubaliwa uraia, japo vyeti vilichelewa kuwafikia wengi mpaka mwaka 2014. Wakati huo mtoto aliyeanza darasa la kwanza Katumba mwaka 1973 alikuwa ana wajukuu.

Turudi kwenye karatasi yetu. Katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulikuwa umelala chali, na serikali ikaanza kuwataka wananchi wachangie gharama. Ukarudi mchango wa UPE, ambao kwa lugha ya nyumbani ulikuwa ada tu. Hapo ndipo barua ya kipupwe ilipopata sura tunayoijua: bili. Na kumbukeni jiografia. Mpanda iliwahi kuwa sehemu ya Tabora, kisha ikaingizwa Mkoa wa Rukwa uliozaliwa mwaka 1974, makao makuu Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200 za vumbi kiangazi na za matope masika. Malalamiko ya mzazi wa Mwese au Karema yalihitaji safari ya siku kadhaa kumfikia mkubwa wa elimu wa mkoa. Barua ya kudai ilishuka haraka, jibu halikuwa na gari. Mpaka Machi 2012, Katavi ilipotangazwa kuwa mkoa na Mpanda ikawa makao makuu.

Mchango wa UPE ulifutwa mwaka 2001, ukaja mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002. Watu wanaukumbuka kwa madarasa yake. Mimi naukumbuka kwa mbao za matangazo. Kila shule ilitakiwa kubandika hadharani fedha ilizopokea na ilivyozitumia, na kamati ya shule yenye wazazi ndani yake ikapewa usemi juu ya matumizi. Kwa mara ya kwanza shule iliwiwa habari na mzazi! Nenda shule yoyote ya zamani leo utauona ubao huo ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu. Katika nilizopita mimi, mara nyingi umebandikwa ratiba ya vipindi, au hauna kitu zaidi ya pini zilizopata kutu.

Mwaka 2016 ilianza elimu bila ada mpaka kidato cha nne, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Januari 2018 Rais Magufuli alikaza zaidi, akapiga marufuku walimu kukusanya michango kwa wanafunzi. Wazazi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini kuna jambo ambalo walimu wanalisema kwa sauti ya chini. Michango ilipokatazwa, mikutano ya wazazi katika shule kadhaa ilipwaya, kwa sababu hakukuwa na ajenda nyingine. Kumbe miaka yote tulikuwa tunakutana kuhusu fedha! Ilipoondoka fedha, mwalimu na mzazi walitazamana wasijue waambiane nini.

Corona ikaja kuonyesha hilo vizuri zaidi. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza shule kufungwa, na habari ilifika Katavi siku hiyo hiyo kwa redio na simu, haraka kuliko balozi yeyote. Vipindi vikapelekwa redioni na kwenye televisheni. Shule za msingi na sekondari zikafunguliwa tarehe 29 Juni, katikati ya kipupwe, wakati ambao kwa kawaida zinafungwa. Katika miezi hiyo mitatu wazazi wa mjini Mpanda wenye simu za kisasa walikuwa na vikundi vya WhatsApp, mwalimu anatuma maswali, mzazi anatuma picha ya majibu. Mzazi wa kijijini mwenye simu ya tochi, au mfugaji aliyefuata malisho na ng'ombe wake mbali na barabara, alisikia mambo mawili tu: zimefungwa, zimefunguliwa.

Sasa mtaniuliza, yote haya yana uzito gani? Karatasi ni karatasi.

Uzito wake ni huu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 uliikuta Katavi ikiongoza Tanzania nzima kwa mimba za wasichana: asilimia 45 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wajawazito. Taifa zima ilikuwa 27. Utafiti wa 2022 unaonyesha hali imepungua, lakini bado Katavi iko juu ya wastani wa nchi. Kwa miaka mingi msichana wa namna hiyo alifukuzwa shule, na Juni 2017 Rais alisema hadharani kwamba aliyezaa harudi. Kwa familia nyingi, barua ya kwanza kutoka shuleni iliyohusu binti yao yeye mwenyewe, sio fagio wala jembe, ilikuwa barua ya kumfukuza.

Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilibadili msimamo: aliyeacha kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi. Magazeti yaliandika, la kwetu pia. Lakini binti wa Mpimbwe aliyekwisha kuozwa hasomi gazeti, na baba yake amezoea kwa vizazi vinne kwamba neno likitoka shuleni maana yake leteni. Habari njema ya "rudini" ilihitaji njia ambayo shule haikuwahi kuijenga. Ningekuwa na madaraka, waraka ule ungepelekwa mlango kwa mlango, kama tofali zilivyopelekwa mwaka 1975.

Kwa sasa mambo yanakwenda hivi. Julai shule zinafunguliwa, mwalimu wa darasa anafungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Baadhi ya majina hayaitikiwi. Wengine wamekwenda na ng'ombe, wengine wamebaki shambani, mmoja au wawili inasemekana wameolewa. Mwalimu anaweka alama ya utoro kwa wiki ya kwanza na ya pili, kisha anaandika barua kwa mzazi, anaikunja, na kumpa mtoto anayekaa jirani na kwao aipeleke.